Jina Katika Pindo la Kanga

Muhula uliopita chama chetu kilihitaji bango la Usiku wa Kiswahili. Kazi ilionekana ndogo: tarehe, saa, ukumbi, chakula kipo. Lakini kwa wiki mbili nzima tulitumiana picha kwenye simu bila kukubaliana. Rasimu ya kwanza ilikuwa na jua jekundu linalotua, mgunga mmoja na twiga. Mwenzetu wa Mombasa aliitazama akauliza, "Hapa ni wapi? Mimi twiga nimemzoea kwenye sarafu ya shilingi moja." Rasimu ya pili ilikuwa na vinyago ambavyo hakuna kati yetu aliyejua vinatoka wapi. Ya tatu ndiyo iliyotupatanisha. Mtu alichukua pindo la kanga mtandaoni, akalizungusha kwenye kingo za bango, na katikati, pale panapokaa mji wa kanga, akaweka maneno yetu. Lilipendeza kweli.

Tulimpelekea mwalimu mmoja ahakiki Kiswahili. Hakusahihisha hata neno. Aliuliza tu: "Chini ya picha ya ukumbi mmeandika jina la mpiga picha. Na aliyechora pindo hili ni nani?"

Tulicheka, kwa sababu swali lilionekana kama la mzaha. Kisha tukanyamaza. Makala haya yametokana na kunyamaza kule.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Silver Spring kwa shangazi yangu, ambaye sanduku lake la kanga lilivuka bahari kabla mimi sijazaliwa. Baada ya shikamoo na chai nikamweleza shida yetu. Alitoa doti moja nyekundu na nyeupe akaitandaza kitandani. Jina lake lilikuwa "Wema hauozi".

"Shangazi, nani aliichora hii?"

"Mwanangu, kanga haichorwi. Kanga inatoka."

Akaanza kunieleza ilitoka mwaka gani, ilinunuliwa duka gani, na nani mtaani kwao Tanga aliyeivaa wa kwanza na alikuwa anampiga nani kijembe, habari ambazo siwezi kuzichapa katika jarida la chuo. Alikumbuka kila kitu cha kanga ile isipokuwa mkono ulioichora. Si kwamba alimsahau mchoraji. Hakuwahi kuambiwa.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Masimulizi yanayojulikana sana pwani ni kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso, vitambaa vya mkononi vya rangi, neno ambalo tulilipata kwa Wareno. Leso ziliuzwa zikiwa bado zimeungana kwenye jora. Badala ya kukata moja moja, wanawake walikata tatu tatu, wakashona safu mbili pamoja, na leso sita zikawa vazi moja. Hakuna mwenye kiwanda aliyewashauri. Wafanyabiashara walipoona mtindo umeenea ndipo walipoagiza kitambaa kizima cha ukubwa ule, kikiwa na pindo lake pande zote nne. Husemwa kwamba mchoro mmoja wa mwanzo ulikuwa na madoa meupe kama manyoya ya kanga, na jina la ndege likalikaa vazi mpaka leo.

Kwa hiyo usanifu wa kwanza wa kanga ulifanywa na wateja, kwa mkasi na sindano, juu ya bidhaa iliyotengenezwa kwa matumizi mengine kabisa. Wanaosomea usanifu katika chuo chetu hufundishwa kumtazama mtumiaji kabla ya kuchora. Bibi zetu hawakungoja kutazamwa.

Kabla ya kanga, kitambaa cha kila siku pwani kilikuwa merikani, na hapo ndipo nchi tunayoishi inapoingia katika habari hii. Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson, alifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan huko Maskati. Mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja akiwa konseli wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu, zikaleta nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi. Watu wakaiita kwa jina la ilikotoka. Fikiri safari ya nguo ile: pamba ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, ikafumwa Massachusetts, ikafika Unguja na kuvikwa watumwa wengine.

Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, anaeleza jinsi merikani na kaniki zilivyokuwa mavazi ya utumwa machoni pa watu wa Unguja, na jinsi wanawake walioachwa huru baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897 walivyozikimbilia kanga. Naomba tusiipite habari hii haraka. Mwanamke aliyejifunga kanga mpya akakata mitaa alikuwa anawaambia waliomjua jana kwamba leo hana bwana. Uchaguzi wa ua, wa rangi, wa ukubwa wa madoa, ulikuwa uchaguzi wake, pengine wa kwanza katika maisha yake ambao hakuna mtu aliyeweza kumkataza.

Na alichagua kwa ukali. Jeremy Prestholdt, katika makala yake ya mwaka 2004 kuhusu walaji wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba wateja wa pwani na bara walikataa nguo isiyokuwa na uzito, upana au rangi waliyoitaka, na kwamba viwanda vya mbali, Salem kwanza na Bombay baadaye, vililazimika kuwafuata. MacKenzie Moon Ryan, aliyeandika tasnifu juu ya historia ya kanga katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 2013, anafuata njia hiyohiyo kwa kanga: kitambaa kilichapwa Ulaya, lakini ladha ilitoka kwetu. Aliyeleta mchoro wa msimu uliopita alibaki nao dukani. Mfanyabiashara aliyekuwa na akili aliketi kibarazani akatazama wanawake wanaopita, akasikiliza wanachokisifu na wanachokicheka, kisha akaandika oda. Leo mashirika ya matangazo hulipa fedha nyingi kwa kazi hiyo na kuipa majina marefu.

Oda zilikwenda Uholanzi, katika miji ya Helmond, Leiden na Haarlem, zikaenda Manchester, halafu India na Japani. Baada ya uhuru tukapata viwanda vyetu, kama Urafiki wa Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Michoro nayo ilisafiri. Lile umbo la tone lililopinda ambalo Wazungu walilipenda katika shali za Kashmiri, sisi tuliliona tukaliita korosho, na korosho likabaki letu. Sioni haya yoyote hapo. Anayetafuta kanga "safi", isiyo na mkono wa Mhindi, Mreno wala Mholanzi, atabaki na pamba tupu, na hata hiyo huenda imetoka Massachusetts.

Sasa chukua kanga yoyote uliyo nayo, utazame karibu na jina, yaani yale maneno. Mara nyingi utakuta maandishi madogo: alama ya duka au kiwanda, na nambari ya mchoro. Alama maarufu kuliko zote Mombasa ni "K.H.E. Mali ya Abdulla", ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887. Yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliyeanza kutia methali katika kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini. Tangu hapo kanga imekuwa kitambaa kinachosema, na kila kanga ina jina.

Ina jina, ina nambari, ina mali ya nani. Mchoraji hayumo.

Nilikuwa na fikra hizi nilipokwenda katikati ya Washington wiki ile. Ukishuka treni kituo cha Gallery Place ukapanda juu, utaona jengo kubwa lenye nguzo za mawe. Leo limegawanywa kati ya makumbusho mawili ya Smithsonian, la sanaa ya Marekani na la picha za watu mashuhuri. Lakini lilipoanza kujengwa mwaka 1836 lilikusudiwa kuwa Ofisi ya Hataza, mahali ambapo mtu huandikisha alichokibuni ili ijulikane kwamba ni chake. Ni jengo zima lililojengwa kwa ajili ya swali la mwalimu wetu.

Na pwani ilipita humo mapema. Mwaka 1840 meli ya Sayyid Said, al-Sultanah, ilitia nanga New York chini ya Ahmad bin Na'aman, ikiwa na zawadi kwa Rais Martin Van Buren: farasi wawili, lulu, upanga, marashi ya waridi na vingine. Katiba ya Marekani haimruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge, kwa hiyo palikuwa na mjadala mrefu wa kuchekesha. Farasi waliishia kuuzwa, na baadhi ya vitu vikawekwa vionyeshwe katika jengo hilo la hataza. Ahmad bin Na'aman mwenyewe alichorwa na Edward Mooney kule New York, na jina la mchoraji wake tunalo mpaka leo.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1842, Bunge lilipitisha sheria ya kulinda michoro ya mapambo, na sheria hiyo ilitaja waziwazi michoro ya kuchapwa kwenye vitambaa vya pamba, hariri na sufu. Maana yake ni kwamba wakati ambapo merikani ilikuwa inapakiwa Salem kwenda Unguja, mtu aliyechora ua la kitambaa hapa Marekani angeweza kuandikisha ua lile, na jina lake likabaki kwenye karatasi. Sheria ilikuwapo. Kuwa ndani yake lilikuwa jambo lingine, na ushahidi wa hilo uko katika jengo lilelile.

Loïs Mailou Jones alizaliwa Boston mwaka 1905. Katika miaka ya 1920, akiwa msichana aliyetoka shule ya sanaa, aliuza michoro ya vitambaa kwa makampuni ya Boston na New York. Alisimulia baadaye kwamba siku moja alikuta mchoro wake umefunika viti katika duka la mpambaji wa nyumba. Alipoeleza kwamba ni kazi yake, hawakuamini kwamba msichana mweusi angeweza kuchora vile. Na kitambaa hakikuweza kumtetea, kwa sababu pembezoni mwake palichapwa jina la mchoro tu. La mchoraji halikuwapo.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka shangazi na doti yake kitandani. Ni pindo lilelile!

Jones aliamua kuwa mchoraji wa picha ili jina lake lisomwe. Mwaka 1930 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Howard, hapa mjini, akakaa mpaka 1977, na usanifu ulikuwa mojawapo ya masomo yake, hakuutupa. Mwaka 1938 akiwa Paris alichora Les Fétiches, vinyago vya Kiafrika vinavyojitokeza gizani, picha ambayo sasa ni mali ya makumbusho ya sanaa ya Marekani katika jengo hilo la zamani la hataza. Lakini kinachonigusa zaidi ni safari yake ya mwaka 1970. Alizunguka nchi kumi na moja za Afrika, Kenya ikiwamo, akikutana na wasanii wa wakati ule na kukusanya habari na picha za slaidi za kazi zao kwa ajili ya Howard. Mwenzetu aliyetaka vinyago katika rasimu ya pili angefaidika na mfano huo, nami pia. Mwaka 1938 Jones alichota ilhamu kwenye vinyago visivyo na majina ya waliovichonga, kama wasanii wengi wa Paris walivyofanya. Alipofika Afrika alikwenda kuuliza watu majina.

Upande wa pili wa jengo hilo inakaa picha ya Barack Obama iliyochorwa na Kehinde Wiley na kuzinduliwa tarehe 12 Februari 2018. Obama ameketi kwenye kiti, nyuma yake ukuta mzima wa majani na maua: asumini kwa ajili ya Hawaii, krisanthemumu kwa ajili ya Chicago, na yungiyungi za buluu za Afrika kwa ajili ya Kenya ya baba yake. Nilimtumia shangazi picha hiyo kwa simu. Akajibu kwa sauti: "Huyo wamemkalisha kwenye mji wa kanga."

Shangazi ana haki ya kusema hivyo, maana Obama alikwisha kukaa kwenye mji wa kanga miaka kumi kabla. Aliposhinda uchaguzi wa 2008 ilitoka kanga yenye uso wake katikati na maneno "Hongera Barack Obama", na chini yake jina: "Upendo na amani ametujalia Mungu". Ni kazi nzuri ya tangazo, ukiitazama kwa jicho la usanifu: salamu, sura na dua, vyote vinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na vinatembea mjini bila kulipia ukuta. Ya Wiley ina kibao chenye jina lake na mwaka. Ile ya kanga haina saini.

Wenzangu wawili katika chama walinipinga nilipofika hapa, na hoja yao si nyepesi. Walisema kanga ni kama methali: hakuna anayeuliza nani alitunga "Haraka haraka haina baraka". Ni mali ya wote, na kudai saini ni kuileta tabia ya makumbusho kwenye sanduku la bibi. Nakubali nusu. Wanawake walioshona leso sita, waliokataa rangi mbaya, waliompa mfanyabiashara jina la kuandika, wote ni watunzi wa kanga, na orodha yao haiwezi kuenea pindoni. Lakini methali haina nambari ya mchoro wala alama ya biashara. Kanga imekuwa na mwenyewe kisheria tangu zamani, na mwenyewe huyo ni mwenye duka. Umoja wetu wa mali ya wote ulianzia na kuishia kwa mchoraji peke yake.

Tena aliye nje hafuati adabu hiyo ya mali ya wote. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Wakenya na marafiki zao walipinga, na ombi likafa. Mwaka 2011 Louis Vuitton walipeleka jukwaani mavazi ya kiume yenye mistari ya shuka za Wamasai. Shuka nayo ina historia ndefu ya kutoka viwandani, najua. Lakini aliyeuza alikuwa na jina kubwa kifuani na aliyeifanya ipendwe hakuwa na lolote.

Upo mfano mwingine wa kuchota, na huo ndio niliotaka chama chetu kiufuate. Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga. Mama yake alikuwa msanifu wa vitambaa. Himid, aliyepata Tuzo ya Turner mwaka 2017, amechora kazi nyingi kwa umbo la kanga: pindo, mji, na maneno chini. Maua si ya kuiga na maneno si yale ya dukani. Amechukua sarufi ya kanga, akasema sentensi zake mwenyewe, na kila mahali anapozungumzia kazi hizo huitaja kanga kwa jina.

Basi tukarudi kwenye bango. Pindo la mtandaoni tuliliondoa. Mwenzetu anayesomea usanifu alisema kwamba kama bibi zetu walianza na kilichokuwa mikononi mwao, leso za Mreno, sisi tuanze na kinachotuzunguka. Akakaa kituo cha Metro na daftari, akachora dari lile la zege lenye visanduku vya mraba, ambalo Harry Weese alilibuni kabla treni hazijaanza kutembea mwaka 1976. Visanduku vile, vikipangwa upande kwa upande, vinakuwa pindo zuri ajabu. Kwenye mji aliweka ua moja la mcheri, na katika kila pembe korosho, kwa sababu wengi tulisema bila korosho haitakuwa kanga. Jina tulibishana nalo usiku kucha, mwisho tukaandika "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Chini yake, kwa herufi ndogo, mahali pa alama ya duka, liko jina la mchoraji, na baada yake la Weese.

Nilimpelekea shangazi nakala moja ya karatasi. Aliishika mbali na macho, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye maandishi madogo akiyasoma polepole. Kisha akauliza doti ni bei gani.